Boti Namba Sita na Kitufe Chake

Honi ya Kashikishi, pwani yetu, ilikuwa imetolewa kwenye lori bovu, na sauti yake ilifanana na ya ng'ombe mwenye mafua. Alasiri ile ililia mara tatu ndefu, hatua chache nje ya dirisha letu. Wanawake waliokuwa wakigeuza chisense, dagaa wa kwetu, juu ya mikeka waliinua vichwa, wakalitazama ziwa, kisha wakatutazama sisi. Kilichonitisha ni kwamba hakuna mtu aliyekuwa ameiita honi hiyo. Mwenzangu Bupe alikuwa amebonyeza kitufe cha honi ya Puta, mbali kaskazini mwa pwani, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake nikikiona kidole chake.

Nitaurudia mlio huo mahali pake. Nimestaafu mwezi uliopita, na ninyi mnaobaki katika ofisi ya vyombo mmeniomba niandike kazi ilivyokuwa. Vyeo nilivyopanda mtavikuta kwenye jalada langu, ikiwa panya hawajawatangulia, na mishahara yangu haikuwahi kuwa na hadithi. Nitaandika juu ya vibao, juu ya vitufe, na juu ya dakika arobaini ambazo nimezihesabu mara nyingi kuliko inavyofaa kwa afya ya mtu.

Siku ya kwanza nilikuja kazini na viatu vya kisigino, kwa kuwa niliambiwa nimepata kazi ya ofisi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja cha mabati karibu na maji, na sakafu yake ilikuwa mchanga uleule uliokuwa nje. Ndani alikaa karani mmoja, Papa Kasongo, mzaliwa wa ng'ambo upande wa Kongo, aliyevuka na samaki akiwa kijana na hakurudi tena. Alikuwa akichonga penseli kwa kisu cha kupasulia samaki. Aliitazama miguu yangu kwa muda mrefu.

"Ile biatu inaenda wapi?"

"Inakuja kazini, Papa."

"Kazi iko fasi hii. Biatu ingoje inje."

Niliviacha nje. Jioni nilivikuta vimejaa magamba ya samaki, na sikuvivaa tena isipokuwa kanisani.

Kazi ya ofisi yetu ni rahisi kuieleza: kujua ni boti gani iko majini na ni boti gani imefika, ili isiyofika itafutwe. Ushirika wa wenye boti ulikuwa umetundika ukutani mbao tatu zenye misumari: moja ya boti za Kashikishi, moja ya boti za Puta, moja ya boti za Ng'ambo. Kila boti ilikuwa na kibao chake, kipande cha mti chenye ukubwa wa kiganja. Boti ikitoka, kibao kinatundikwa. Ikifika, kibao kinaondolewa. Kwa boti za Kashikishi, mwenye chombo alikuja kukichukua kwa mkono wake mwenyewe. Kwa boti za mbali alizungumza mwenyewe redioni, na Papa Kasongo alikitoa kibao baada tu ya kuitambua sauti.

Kila pwani ilihesabu boti zake kuanzia moja. Kwa hiyo kulikuwa na namba sita ya Kashikishi, namba sita ya Puta na namba sita ya Ng'ambo, na hakuna nahodha aliyekubali kubadilisha namba ambayo wateja wake walikuwa wameizoea ubavuni mwa boti. Wiki yangu ya pili niliandika pendekezo la kurasa nne kuhusu jambo hilo. Papa Kasongo alilisoma lote, akasema mwandiko ni mzuri, akafungia chumvi ndani yake.

Yeye alikwishatatua tatizo zamani. Kwenye kila kibao, chini ya namba, alikuwa amechoma alama kwa msumari wa moto: samaki kwa Kashikishi, jembe kwa Puta, pembetatu kwa Ng'ambo. Nilielewa sababu siku upepo ulipoangusha mbao zote tatu, vibao vikatawanyika mchangani. Nilianza kuvirudisha kwa kukumbuka ni msumari upi ulikuwa na kibao na upi ulikuwa mtupu. Alinishika mkono.

"Unauliza nani?"

"Naangalia misumari, Papa. Nakumbuka mahali."

"Musumari haijui kitu. Uliza kibao."

Hayo yalikuwa maelekezo ya kazi, na alinipa kwa sauti ya mtu anayeeleza ufagio ulipo. Niliokota kimoja kimoja, nikasoma namba, nikasoma alama, nikakitundika. Hatukukosea hata kimoja.

Somo lake la pili lilihusu mkono. Mwanamume mmoja alikuja mchana kutwaa kibao cha shemeji yake.

"Shemeji amelala. Amechoka sana, mukwai," alisema kwa heshima.

"Aamke," alisema Papa Kasongo.

"Awe, hapana, Ba Kasongo, ni mugonjwa kidogo."

"Dakika ile ulisema amechoka. Sasa ni mugonjwa. Mbele ya saa kumi atakuwa amekufa. Mulete nimuone."

Shemeji huyo alikuwa bado kisiwani na pombe yake, na ndugu yake alitaka tu watu wasiulize. Kibao kilibaki ukutani mpaka kesho yake, mwenyewe alipokuja akiwa na macho mekundu na kukichukua bila salamu.

Nilikaa na Papa Kasongo miaka mingi. Redio ilipata betri ya gari, kisha zikaja simu za mkononi, kisha kompyuta ya kwanza, ambayo tuliifunika kitenge kwa sababu ya mchanga. Alipoacha kazi alinikabidhi kisu na penseli. Redio, alisema, ni ya serikali. Kisu ni chake.

Nikiwa na umri ambao wenzangu walikuwa wakihesabu wajukuu, nilianza masomo ya uzamili kwa masafa katika chuo kikuu nchini Tanzania. Huko ndiko nilikookota Kiswahili hiki ninachoandika. Ba Mulenga, ambaye mtamjua punde, hukiita Kiswahili cha habari za saa mbili. Mradi wangu wa shahada ulikuwa kuhamisha mbao tatu za Papa Kasongo ziingie kwenye kompyuta.

Niruhusuni niieleze programu hiyo kwa usahihi, kwa sababu kosa lilikaa ndani ya usahihi wake. Skrini ilikuwa na vichupo vitatu juu, kama masikio ya mafaili kabatini: Kashikishi, Puta, Ng'ambo. Ukibonyeza kichupo, unaona orodha ya boti za pwani hiyo. Mbele ya kila boti kuna kitufe kilichoandikwa IMEFIKA. Chini ya orodha kuna kitufe cha HONI, kinachotuma ujumbe kwenye nguzo ya pwani hiyo ili honi yake iwaonye watu kuhusu upepo. Vitufe katika vichupo vyote vilifanana kwa sura, rangi na maneno.

Katika toleo la kwanza kila kitufe kilikuwa na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Niliandika maneno yaleyale zaidi ya mara mia. Nilipotaka dakika ziandikwe pamoja na saa, nilirekebisha vitufe vyote isipokuwa saba, na hivyo saba sikuvijua mpaka vilipojitokeza kimoja kimoja, kila kimoja na aibu yake. Ndipo nikaandika mwitikiaji mmoja: kipande kimoja cha msimbo kinachoamka kitufe chochote kinapobonyezwa, kwa niaba ya vitufe vyote. Nilifurahi. Mia na zaidi vilikuwa vimekuwa kimoja, na kikirekebishwa, vyote vimerekebishwa.

Mwitikiaji aliyeshirikiwa na vitufe mia anapaswa kujua ni kitufe gani kimemwamsha. Namba ya boti aliisoma kwenye mstari. Pwani aliisoma mahali pengine: nilikuwa nimeweka kumbukumbu ndogo inayotaja kichupo kilicho wazi, na mwitikiaji aliiuliza hiyo. Niliijaribu chuoni, nilipokwenda kwa majuma mawili, mara nyingi sana, na haikukosea. Nikaandika katika tasnifu sentensi ambayo bado naikumbuka: "Mfumo haujawahi kurekodi kuwa kimefika chombo ambacho hakijafika."

Manahodha waliipenda. Hawakuhitaji tena kuja ofisini; walipiga simu, Bupe akabonyeza. Mbao za ukutani tuliziacha kwa muda wa majaribio, lakini vibao vilianza kubaki misumarini siku nzima baada ya boti kufika, kwa kuwa hakuna aliyeona haja ya kutembea juani kufuata kipande cha mti. Ushirika ulipanga kikao Jumamosi ili kuamua kama mbao ziondolewe.

Aliyepinga peke yake ni Ba Mulenga, msimamizi wa boti ya uokoaji. Programu yangu aliiita mtoto wangu. Kila asubuhi alipita dirishani, akiniita Bana Chileshe, yaani Mama Chileshe.

"Bana Chileshe, mutoto amelala vizuri?"

"Amelala, Ba Mulenga."

"Hajakojoa kitandani?"

Bupe alicheka, na mimi nilijifanya nacheka. Kulikuwa na sababu ya ziada ya kumwogopa. Mwezi mmoja kabla, nilikuwa nimemtuma majini kutafuta boti ambayo nahodha wake alisahau kutupigia simu. Alizunguka nusu siku, akarudi na kumkuta nahodha anacheza drafti nyuma ya soko. Alisimama mlangoni akiwa ameloa mpaka kiunoni, akaniambia, mbele ya watu, kwamba siku nyingine nimwite nikiwa na hakika. Neno hakika lilinikaa kama mwiba wa samaki kooni.

Sasa nimefika kwenye mlio.

Ilikuwa majira ya upepo, wakati ziwa huwa tulivu asubuhi na hubadilika baada ya chakula cha mchana. Mlinzi wa Puta alikuwa amepiga simu kusema maji yamekuwa meusi upande wake. Bupe, ambaye alikuwa akisoma orodha ya Kashikishi, alibonyeza kichupo cha Puta, orodha ikabadilika mara moja, akabonyeza HONI. Ikalia ya kwetu.

"Mi nilibonyeza Puta!" alisema. "Bana Chileshe, uliona. Puta kabisa!"

"Nimeona. Bonyeza tena."

Alibonyeza tena. Nje palikuwa kimya. Muda mfupi baadaye mlinzi wa Puta alipiga simu kusema honi yake inalia na boti zinarudi. Mambo yalikuwa yamekaa sawa, na mtu mwenye akili ya kawaida angesema ni mtandao, akaenda kunywa chai. Mimi sikuweza. Kitu kinachokosea mara ya kwanza na kupatia mara ya pili bila kuguswa kina sababu, na sababu hiyo imebaki palepale.

Kisha wazo la pili lilifika: kitufe cha HONI na vitufe vya IMEFIKA viliitikiwa na mwitikiaji mmoja. Ikiwa honi imekwenda pwani isiyo yake, boti nayo inaweza kuwa imefika pwani isiyo yake.

"Bupe, leo umebonyeza IMEFIKA kwa Puta mara ngapi?"

"Mara moja. Namba sita. Kapiteni alipiga simu saa saba, anasema amefika, nikabonyeza."

Nilifungua kichupo cha Puta. Namba sita ya Puta ilionekana bado iko majini. Nilifungua kichupo cha Kashikishi. Namba sita ya Kashikishi ilionekana imefika, saa saba na dakika ishirini.

Namba sita ya Kashikishi ilikuwa boti ya Espérance, mama mfanyabiashara kutoka ng'ambo, aliyepanga chumba hapa sokoni na kuvuka kila wiki na vitenge, sabuni na chumvi. Kwa orodha ya safari, siku hiyo alikuwa akirudi na watu wanane botini, yeye akiwa mmoja wao. Kama hakuwa amefika, hakuna mtu duniani aliyekuwa akimtafuta, kwa sababu mfumo wangu ulikuwa umewaambia wote kwamba yuko nchi kavu.

Nilipaswa kumpigia Ba Mulenga dakika ileile. Nitawaeleza nilichofanya badala yake, na sitajipunguzia.

Kwanza nilijiambia kwamba labda boti zote mbili zimefika na Bupe amesahau kubonyeza moja. Nilipiga simu ya Espérance. Haikupatikana, lakini simu ya mtu aliye ziwani haipatikani, na ya mtu aliyeishiwa chaji sokoni haipatikani vilevile. Nilimtuma Bupe akaitafute boti ufukweni. Alirudi akihema, na mchanga hadi magotini.

"Siioni. Lakini batu banasema labda iko kwa fundi wa mashini, kule nyuma ya matete."

"Nani amesema? Ameiona kwa macho?"

"Banasema labda, Bana Chileshe. Labda ni labda."

Nilitazama ukutani. Kibao cha sita chenye alama ya samaki kilikuwa kimetundikwa. Lakini cha tatu nacho kilikuwa kimetundikwa, na cha tisa, na cha kumi na moja, ambavyo boti zake niliziona dirishani zimelala mchangani. Mfumo wangu ulikuwa umewazoesha manahodha kutochukua vibao, na kwa hiyo ulikuwa umemwondoa shahidi pekee aliyeweza kuupinga.

Basi nikaketi, nikafungua msimbo, nikaanza kusoma. Nilitaka hakika. Nilisoma mwitikiaji mstari kwa mstari na nikamwona hana kosa, jambo ambalo lingenituliza kama nisingejua ni mimi niliyemwandika. Nikasoma sehemu ya vichupo. Hapo nikaona. Ukibonyeza kichupo, orodha ya boti huchorwa papo hapo kutokana na nakala iliyo kwenye kompyuta. Ile kumbukumbu ndogo inayotaja kichupo kilicho wazi hubadilika baadaye, habari mpya zinapowasili kwa mtandao. Chuoni mtandao ulikuwa wa haraka na tofauti hiyo haikuonekana. Kwetu ilichukua sekunde nne, tano, wakati mwingine kumi. Katika sekunde hizo jicho linaona Puta, kidole kinabonyeza Puta, na mwitikiaji anaambiwa Kashikishi.

Nilikuwa nimeuliza msumari.

Niliijaribu. Kashikishi, kisha Puta, kisha haraka IMEFIKA kwenye boti ya majaribio. Mara ya kwanza iliandika sawasawa. Mara ya pili, sawasawa. Mara ya tatu iliandika Kashikishi. Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi nilianza jaribio la nne, kwa sababu moja kati ya tatu ilionekana kuwa haba, na nilikwisha kuwaza namna ya kuieleza katika tasnifu. Dirishani upepo ulikuwa umeanza kuinua pembe za mikeka, na wanawake walikuwa wakiweka mawe juu yake.

Bupe alisimama kati yangu na skrini. Kwa kawaida alikuwa mtulivu, mama wa watoto wawili, na hakuwahi kunipandishia sauti kabla ya siku hiyo.

"Bana Chileshe. Unatafuta nini ndani?"

"Natafuta hakika."

"Hakika ya nini? Ya mashini? Mutu anakunywa maji, we unasoma!"

"Nikimwita Ba Mulenga na boti iko kwa fundi..."

"Atakucheka. Basi. Kucheka inaua mutu?" Aligeuka ukutani, akanyoosha kidole. "Angalia kibao ya Espérance."

"Na cha tatu kiko pale, Bupe. Na cha tisa. Vyote vimeachwa."

"Ya tatu ni ya muvivu. Ya tisa ni ya muvivu. Espérance aliacha kibao yake siku gani? Niambie siku moja tu."

Haikuwapo hata moja. Kila wiki, mfumo ukiwepo au usipokuwepo, Espérance alipanda kutoka majini na nguo zikiwa bado zinachuruzika, akaingia bila kubisha, akanyoosha mkono wenye bangili tatu za shaba na kusema, "Munipatie mutu wangu." Ndivyo alivyokiita kibao chake. Papa Kasongo ndiye aliyemzoesha, na yeye hakujali kompyuta ilisema nini.

Hakika niliyoitafuta dakika arobaini ndani ya skrini ilikuwa imetundikwa nyuma ya kisogo changu muda wote.

Kabla sijaandika mazungumzo ya simu, nitawaambia mwisho wake, kwa kuwa sitaki matokeo mema yaje mwishoni na kuzifunika dakika hizo. Mashine ya boti namba sita ilikuwa imezimika katikati ya safari, na upepo ulikuwa ukiwasukuma mbali na pwani yetu huku wakichota maji kwa masufuria. Ba Mulenga aliwakuta jua likiwa bado juu ya ziwa. Wote wanane walirudi. Alikadiria kwamba boti ile ilikuwa na nusu saa ya kuelea iliyobaki, na Ba Mulenga si mtu wa kutia chumvi. Toeni arobaini nyingine kwenye nusu saa hiyo, mtaona kwa nini bado nazihesabu.

Usiku huo sikugusa kompyuta. Kesho yake nilirekebisha. Wengine walishauri nirudi kwenye msimbo mmoja kwa kila kitufe, wakisema kushirikiana ndiko kulikoleta balaa. Nilikataa, na nawaomba ninyi pia mkatae. Mwitikiaji mmoja alikuwa wazo jema. Kosa lilikuwa mtu aliyeulizwa. Sasa kila kitufe kimebeba ndani yake namba ya boti na alama ya pwani, vyote viwili, na mwitikiaji anapoamka hukiuliza kitufe chenyewe kilichomwamsha. Kichupo kinaonyesha tu, hakitoi ushahidi. Niliifuta sentensi ile katika tasnifu na mahali pake niliandika kilichotokea, kurasa sita, pamoja na dakika. Walimu wangu waliuliza maswali magumu, na niliyajibu. Jumamosi nilisimama kikaoni na kusema mbao zibaki, na kwamba kitufe kisibonyezwe mpaka kibao kimechukuliwa kwa mkono au sauti imetambuliwa. Ndiyo sababu mnazo hadi leo, na ndiyo sababu mnalalamika juu ya msururu wa manahodha mlangoni. Lalamikeni, lakini msimpe shemeji wa mtu yeyote kibao.

Nimewapitisha mbele ya siku yenyewe. Nilikuwa bado nimesimama chini ya ubao, na Bupe alikuwa amenipa simu mkononi. Nilikitoa kibao msumarini ili niwe na kitu cha kushika. Nikapiga.

Aliitikia kabla ya mlio wa pili.

"Bana Chileshe. Mutoto amefanya nini tena?"

"Ba Mulenga, namba sita ya Kashikishi iko ku maji. Boti ya Espérance. Batu munane."

"Sita ilifika. Mi mwenyewe nilisoma ku kompyuta yenu."

"Kompyuta imesema uongo. Iliyofika ni sita ya Puta. Kosa si ya Bupe. Ni mi niliandika vibaya."

Nilisikia upepo upande wake, uleule uliokuwa dirishani kwangu.

"Uko na hakika, ao unawaza?"

Jibu nililotayarisha lilikuwa refu, lenye sekunde na vichupo ndani yake. Nilikitazama kipande cha mti: sita, na chini yake samaki wa Papa Kasongo, mkia wake umepinda kidogo mahali msumari wa moto ulipoteleza.

"Kibao yake iko hapa," nilisema. "Niko nayo mukononi. Hakuja kuichukua."

Hakucheka. Nilimsikia akiita majina mawili kwa sauti kubwa, kisha miguu ikikimbia mchangani, kisha kamba ya mashine ikivutwa mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu ikashika.

"Basi kishike," alisema juu ya ngurumo. "Usikirudishe ku musumari. Nitamuleta akichukue na mukono yake."